KUFULI SI MLEZI
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati mbele ya wanachama, mkutano wa tawi)



Kamati imetaka tuseme habari ya watoto wadogo wanaoachwa peke yao nyumbani wazazi wakiwa kazini. Huenda mmoja akauliza, "Chama cha wafanyakazi kina neno gani na mtoto wa mtu?" Jibu ni kwamba jambo hili latoka katika kazi yetu. Baba aliye zamu ya usiku hutoka saa nne usiku. Mama naye hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni kuchukua mboga za kuuza. Treni ikichelewa, baba hachelewi peke yake; nyumba nayo yakaa saa mbili au tatu bila mtu mzima. Ndipo kufuli hutiwa mlangoni kwa nje, na ndani yumo mtoto wa miaka minne na mdogo wake.

Sababu twaijua. Mzazi aogopa mtoto asije akatoka barabarani au akachukuliwa na mtu mbaya. Lakini kufuli si mlezi. Koroboi ikianguka, au jiko la makaa likijaza chumba hewa mbaya, mtoto hawezi kutoka na jirani hawezi kuingia. Neno letu la kwanza ni hili: mtoto asifungiwe kwa nje, hata kwa saa moja.

Sasa tuje kwenye sheria. Wengi huulizana, "Mtoto aweza kuachwa peke yake akiwa na miaka mingapi?" Sheria ya Kenya haikuandika hesabu ya miaka. Wako wanaosikia hivyo wakafurahi, wakidhani wamepewa ruhusa. Sivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, yasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Tena yasema mwenye wajibu wa kumlea mtoto akimtelekeza, au akimwacha kwa namna iwezayo kumletea mateso au kudhuru afya yake, ametenda kosa, naye aweza kutozwa faini au kufungwa. Basi maswali yatakayokuja ni haya: Ulimwacha na nani? Kwa muda gani? Alikuwa na chakula? Moto ulikuwa wapi? Ukijibu, "Nilikuwa kazini," umeeleza ulikokuwa wewe. Hujaeleza mtoto alikuwa na nani.

Pili, habari ya akina baba. Chini ya sheria ya 2001, mtoto aliyezaliwa na wazazi wasiooana, wajibu wake ulianza kwa mama peke yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, ilibadili jambo hilo: wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi naleta mshahara, mengine ni ya mama." Mshahara ni sehemu ya wajibu, si wajibu wote.

Tatu, wako wanaomzuia msichana wa miaka tisa asiende shule ili amtunze mdogo wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake yuko shuleni. Na mtoto wa miaka tisa naye ni mtoto, ataka kuangaliwa.

Ndugu zangu, hatusemi haya ili kumtisha mtu aliye maskini. Twajua mshahara wa yaya ukitolewa, kodi haitoshi. Lakini sheria haikutuwekea wajibu tu, imetupa na haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 na baba wiki 2 kwa mshahara kamili. Akina baba wangapi hapa wameiomba? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha kazini. Tena Katiba, katika Jedwali la Nne, yaweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Mtu mmoja akiyadai haya ataambiwa arudi kesho. Tukiyadai kwa pamoja, hapana budi tujibiwe.

Kwa hiyo kamati yaleta mashauri matatu. Kwanza, orodha ya zamu ibandikwe mapema, na mume na mke walioajiriwa pamoja wasipangwe usiku mmoja. Pili, chama kiandike barua kwa wakubwa wa kazi na kwa mwakilishi wa wadi, kudai kituo cha watoto karibu na nyumba zetu, kinachofunguliwa kwa saa za zamu, si kwa saa za ofisi. Tatu, wakati tunangoja, kila mstari wa nyumba upatane juu ya mtu mzima mmoja wa kuangalia watoto, na alipwe kila mwisho wa mwezi. Mama jirani si mtumwa wetu.

Na ukimwona mtoto ameachwa, usipite. Mwite mzazi, sema naye kama ndugu. Kama kuna hatari, piga simu namba 116, simu ya kusaidia watoto, haina malipo, au uende polisi.

Mashauri haya yatapigiwa kura leo kabla ya kufunga mkutano. Wenye watoto na wasio na watoto, inueni mikono.