Mapambo ya Mama Mjamzito na Amana Iliyo Tumboni Mwake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu, wanaume na wanawake, msikitini Ngana, Wilaya ya Kyela)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., Aali zake na Sahaba zake wote.

Leo tumeombwa tuzungumze jambo ambalo aghalabu halizungumzwi msikitini. Baadhi ya kina mama wametuletea swali: Je, mwanamke mwenye mimba aweza kujipamba bila ya kumdhuru mtoto? Apake hina? Aweke dawa ya nywele? Atumie krimu za uso? Huenda wapo wanaume hapa watakaoona kuwa haya ni maneno ya uani, si ya msikitini. Tunawakumbusha kwamba Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliuliza habari za hedhi na josho, nao wakajibiwa. Basi wa leo wakiuliza, nasi hatuna budi kuwajibu.

Tena swali lenyewe si dogo. Mmoja wa waliouliza, ambaye alimtuma mke wa mmoja wetu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Madoa meusi yalikuwa yamemtokea mashavuni na kwenye paji la uso, na mumewe akamwambia kuwa amechujuka. Jirani akampa kikopo cha krimu kisicho na jina la mtengenezaji, akakitumia kwa wiki tatu. Alipokwenda kliniki hakumwambia muuguzi. Naye hakuuliza kama krimu ile itamdhuru yeye. Aliuliza kama imekwisha kumfikia mtoto. Swali hilo ndilo lililotusimamisha hapa leo.

Kujipamba si dhambi

Kwanza yafaa tuondoe dhana potofu. Wako wasemao kwamba mwenye mimba akijipamba anajitakia mkosi, au kwamba akae hivi hivi mpaka ajifungue. Hayo hayamo katika dini yetu. Sura Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, inatuamrisha kuchukua pambo letu tunapokwenda kuabudu, kisha inawakemea wanaoharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Kukata kucha na kuondoa nywele za makwapa na za sehemu za siri ni katika mwenendo wa Manabii, na mimba haiuondoi mwenendo huo.

Lakini pambo lina mpaka wake. Sura Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe, na Mtume s.a.w. amefundisha kwamba haifai kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara. Asiye na mimba akijidhuru, amejidhulumu nafsi yake. Mwenye mimba amebeba amana ya mwingine, ambaye hana ulimi wa kusema kuwa hataki.

Ngozi si ukuta

Wengi wetu twadhani kwamba kinacholiwa huingia mwilini, na kinachopakwa hubaki nje. Sivyo. Ngozi huzuia vitu vingi, lakini vingine huvipitisha, na ndiyo maana waganga wa hospitali wana dawa ambazo mgonjwa hubandikwa juu ya ngozi zikaingia katika damu. Kikiisha kuingia katika damu ya mama, kitu chaweza kulifikia kondo la nyuma, na vitu vingine hupenya mpaka kwa mtoto. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwani ndipo viungo vyake vinapoumbwa.

Kwa hiyo mama na aulize maswali matatu juu ya kila anachotaka kujipaka: Kimetengenezwa kwa nini? Kinabaki nje au kinaingia ndani? Nani amekitengeneza, na jina lake limeandikwa? Kisichojibu maswali hayo na kiachwe.

Yasiyo na hofu

Kuoga, kupaka mafuta ya nazi au ya alizeti, kusuka nywele kwa mkono pasipo kuzivuta hata kichwa kikauma, kukata kucha: haya yote hayana neno. Kunyoa hakuna ubaya, ila wembe uwe mpya na wa mtu mmoja. Tumbo likiwa kubwa hata mama asijione, amsaidie mumewe, wala hilo si aibu kati ya mume na mke. Na asijikate kwa haraka usiku wa uchungu akiogopa macho ya wakunga. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kumnyoa mama kama desturi kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida hakupendekezwi.

Rangi ya kucha mama aiondoe anapokwenda kliniki au kujifungua, kwa kuwa muuguzi hutazama kucha apate dalili za upungufu wa damu. Sisi Waislamu tulikwisha kuwa na sababu nyingine ya kuiondoa, nayo ni kwamba inazuia maji ya udhu.

Hina ya majani, iliyotwangwa na kukorogwa kwa maji, haijulikani kumdhuru mama mwenye mimba mwenye afya. Lakini mtoto mchanga asipakwe. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida zaidi katika nchi zenye malaria kama hii yetu. Hina yaweza kuvunja chembe za damu zao wakapata manjano na hata kuhatarisha maisha yao. Na mama anayejijua kuwa na upungufu huo, naye ajiepushe.

Yanayohitaji tahadhari

Piko si hina. Ile rangi nyeusi inayoshika kwa muda mfupi aghalabu ni dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Huweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge, na aliyedhurika nayo mara moja huweza kudhurika tena maisha yake yote kila akiigusa. Asiitumie mwenye mimba, na asiye na mimba pia afikiri mara mbili.

Rangi za nywele za dukani na dawa za kunyoosha nywele, kadiri waganga walivyochunguza, huingia mwilini kwa kiasi kidogo iwapo ngozi ya kichwa haina kidonda. Wengi wao hushauri mama asubiri mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite, akae penye hewa, na asipake penye mchubuko. Dawa zenye fomalini, ambazo moshi wake huwasha macho, aziache kabisa.

Wanja nao una maelezo yake. Twajua kuwa kupaka wanja wa ithmidi kumesifiwa katika Hadithi. Lakini jina la wanja halifanyi kila unga mweusi kuwa ithmidi. Baadhi ya wanja unaouzwa leo hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, na risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto. Anayependa sunna na ahakikishe kwanza kilichomo ndani ya kichupa.

Mkorogo

Sasa tufike kwenye kikopo cha dada yetu. Krimu za kung'arisha ngozi ndizo hatari kubwa kuliko yote tuliyoyataja, na hapa kwetu, karibu na mpaka wa Kasumulu, bidhaa hupita kila siku, zenye jina na zisizo na jina. Ndani yake huwamo aghalabu moja katika vitu vitatu, au vyote pamoja.

Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha huingia mwilini na kukaa katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za zebaki. Mwaka 1987 wataalamu wa Ubelgiji walieleza habari za mtoto wa miezi mitatu aliyekutwa na zebaki katika damu na mkojo, na figo zake zimeguswa. Mtoto huyo hakupakwa kitu. Mama yake ndiye aliyetumia sana vipodozi vya zebaki alipokuwa na mimba na alipokuwa akinyonyesha.

Na tusidhani kwamba kitu kikitoka Ulaya ni salama. Kwa miaka mingi sabuni za zebaki zilitengenezwa huko, ambako kuziuza kulikuwa kumekatazwa, zikaletwa Afrika. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark walitoa taarifa juu ya sabuni hizo hapa Tanzania, na mwaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipokataza hata kuzipeleka nje. Mwaka 2023, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata ziliafikiana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025. Lakini mkataba hausimami kwenye kila kibanda cha sokoni. Tazameni wenyewe: kikopo kikiandikwa Hg, mercury, mercurio au calomel, hiyo ni zebaki. Na kikionya kwamba krimu isigusane na dhahabu wala fedha, jueni hivyo hivyo. Ni ajabu iliyoje, mtu avue pete yake isiharibike, kisha krimu ile ile aipake juu ya ngozi inayomlisha mwanawe!

Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo sehemu kubwa yake hupenya ngozi. Hukadiriwa kuwa asilimia 35 mpaka 45. Haijathibitika kuwa inaharibu mimba, lakini waganga hushauri iepukwe kwa sababu ya wingi huo unaoingia mwilini.

Cha tatu ni steroidi kali, ambazo ni dawa za magonjwa ya ngozi na si vipodozi. Huifanya ngozi kuwa nyembamba na kidonda kuchelewa kupona. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 99 wenye mimba huko Dakar, Senegal. Kati yao 68 walikuwa wakitumia vya kung'arisha ngozi. Waliotumia steroidi kali walikutwa na kondo dogo zaidi, na wengi zaidi kati yao walizaa watoto wenye uzito mdogo.

Serikali yetu imevikataza vipodozi vyenye viambato hivi tangu enzi za TFDA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mwenye duka anayeviuza anavunja sheria ya nchi, na pia anawadhuru wateja wake. Chumo la namna hiyo halina baraka.

Madoa yale ni ya nini?

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Madoa yaliyomtisha dada yetu hayakuwa ugonjwa. Mimba huongeza rangi ya ngozi: mashavu hupata madoa, na mstari mweusi huteremka tumboni. Aghalabu hufifia yenyewe katika miezi ya baada ya kujifungua. Jua huyazidisha, na jua la Kyela mnalijua, hasa kwa mama anayeinama katika shamba la mpunga tangu alfajiri. Dawa yake ni mtandio, kofia ya ukindu, kivuli, na subira.

Basi enyi kina baba, neno letu la mwisho ni lenu. Sura Luqman, aya ya 14, inatukumbusha kwamba mama humbeba mwanawe katika udhaifu juu ya udhaifu. Uso uliobadilika ni alama ya kazi hiyo, anayoifanya kwa ajili ya mtoto wenu wote wawili. Mwanamume anayemwambia mkewe mjamzito kuwa amechujuka, huyo ndiye aliyekifungua kikopo kabla ya jirani kukileta. Fedha ya kununulia krimu na iwe ya samaki, mayai na mboga.

Ama dada yetu, hatukumwambia kuwa mtoto amedhurika, wala hatukumwambia kuwa hakudhurika, kwani hilo hatulijui. Tulimshauri akitie kikopo katika mfuko, akipeleke kliniki kesho yake, na amweleze muuguzi yote, tangu siku ya kwanza. Aliyeipaka kwa muda mrefu asijifiche pia, kwa sababu kuacha steroidi ghafla nako huhitaji uangalizi wa mganga. Haya inayomficha mama kwa muuguzi si ile haya iliyosifiwa katika dini.

Dada yetu alikwenda, na safari hii mumewe alifuatana naye.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na yaliyomo matumboni mwao, na atujaalie tuwe wenye kuilinda amana. Amin.