Kashe ya zambarau isipotee: tulivyopima skana ya chama

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Uvira)



Tunaanza na kosa letu. Skana ilipofika kwenye chumba cha chama, tuliwaambia mlete karatasi: vyeti vya watoto waliozaliwa Nyarugusu na Lugufu, karatasi za kurudi, picha za jamaa, fishi za parseli. Mlizileta ndani ya mifuko ya plastiki, nyingine bado zina matope ya Mulongwe ya Aprili 2020. Sisi tukazipiga mbio mbio, tukaiachia mashini ichague yenyewe. Ikaona karatasi ya manjano, ikaifanya nyeupe. Ikaona wino uliofifia, ikaufuta kama uchafu.

Mama mmoja wa kwetu alipeleka nakala ya fishi yake kwenye biro moja. Wakamuuliza: "Kashe iko wapi?" Kwenye karatasi yenyewe kashe ilikuwako, ya zambarau. Kwenye nakala yetu haikuonekana. Alipokuja ili tuipige tena, maji ya ziwa yalikuwa yamekwisha kuingia nyumbani kwake Kalundu, na ile karatasi haiko tena. Tulimwomba msamaha, na leo tunauomba mbele yenu. Sasa tueleze tulichobadilisha.

Skana haijui rangi. Kwa kila nukta inatoa namba tatu: nyekundu, kijani na bulu. Kila skana inatoa namba zake, kama makopo ya kupimia mchele sokoni: moja limebonyea, lingine ni zima. Lakini ukijua kopo lako limebonyea kiasi gani, unaweza kupima vizuri nalo. Kwa hiyo hatukuomba skana mpya. Tuliomba kadi.

Kadi hiyo inaitwa IT8. Ni karatasi ya picha yenye vipande zaidi ya 250 vya rangi, na mstari wa kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Inakuja na faili ya vipimo: rangi ya kila kipande, ilivyopimwa kwa chombo. Faili lazima iwe ya kadi za toleo lile lile. Ukichukua ya toleo lingine, unapima kwa kopo la jirani.

Kompyuta yetu inatumia Linux, na programu zote tulizotumia ni za bure. Kazi inakwenda hivi:

Kwanza, tunafuta kioo, tunawasha skana, tunapiga kurasa chache tupu ili taa itulie. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya.

Pili, kwenye XSane tunazima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: mwanga, ukali, kusafisha rangi. Hayo mapangilio tunayahifadhi. Mtu akigusa kimoja tu, kipimo chote kimekufa.

Tatu, tunapiga kadi na kuihifadhi kama TIFF. JPEG hapana, kwa sababu inabana picha na kupoteza sehemu yake.

Nne, tunaingia kwenye ArgyllCMS. Programu yake ya scanin inatafuta vipande vya kadi kwenye picha na kuandika namba za skana pembeni ya vipimo vya kweli. Ya pili, colprof, inatengeneza kutoka humo faili ya ICC, yaani maelezo ya namna skana yetu inavyokosea. Mwishoni inatuonyesha kosa la wastani lililobaki. Kosa la 1 jicho halilioni kwa urahisi. Sisi tukipita 3, tunarudia tangu mwanzo.

Tano, kila karatasi tunayoipiga inabeba ile ICC. Nakala ya kutuma au kuchapa tunaigeuza kwa cctiff. TIFF ya kwanza hatuigusi.

Ndugu, msitegemee zaidi ya hapo. Kadi ilitengenezwa kwa rangi za karatasi ya picha, na wino wa kashe ni kitu kingine. Unaweza kukosea kidogo hata baada ya kipimo. Ndiyo maana mmoja wetu anaweka karatasi yenyewe pembeni ya nakala iliyochapwa, karibu na dirisha, na kulinganisha kwa macho kabla hujaenda nayo. Skrini nayo ina uongo wake. Na nakala nzuri namna gani haichukui nafasi ya karatasi yenyewe: biro ina haki ya kuidai. Hata hivyo, siku karatasi ikienda na maji, nakala inayoonyesha kashe, saini na hata doa la matope inakupa mahali pa kuanzia kudai.

Kuna waliotuambia: "Safisheni basi, ionekane mpya." Hapana. Fishi ya zamani inayong'aa kama ya jana ndiyo inayotiliwa mashaka. Manjano yake tunayaacha.

Tunaomba mambo mawili. Wanachama: kila aliyeleta karatasi zamani azirudishe, tuanze na wale wanaokaa karibu na ziwa na kando ya Mulongwe. Usingoje mvua. Wafadhili: rangi za kadi zinafifia kwa mwanga na miaka, kwa hiyo tutahitaji nyingine, na betri ya kushika umeme taa isitikisike. Skana tunayo, inatosha.

Mama yule anatafuta sasa majirani wa kumshuhudia. Anayeijua parseli yake tangu kabla ya 1996 aje atuone baada ya mkutano.