Kiongozi ni mlezi wa vikundi, si mwenye vikundi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vijiji na wanachama wa vikundi vya maendeleo, Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama)



Kinyangiri haina meya. Cheo hicho ni cha manispaa na majiji. Hapa Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Iramba, anayeongoza kikao cha madiwani pale Nduguti huitwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Lakini jina likiwa hili au lile, mtu ni yule yule: ni mwananchi aliyechaguliwa na wenzake ili asimamie mambo yao. Na awe meya wa mji mkubwa, au diwani wa kata, au mwenyekiti wa kijiji, sehemu kubwa ya siku zake hupita katika vikundi vya wananchi. Leo ameitwa na timu ya mpira, kesho na kwaya, keshokutwa na kina mama wa kuweka na kukopa, na mtondo vijana wa mizinga ya nyuki wanamngoja.

Jambo hili ni jema. Kiongozi asiyejulikana kwenye vikundi vya watu wake ni kiongozi wa makaratasi. Swali la kuuliza, basi, si kama kiongozi aende kwenye vikundi au asiende. Swali ni hili: anapoingia kikundini, anaingia akiwa nani? Je, anaingia akiwa mlezi, au akiwa mwenye kikundi? Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kikundi kinachoishi na kikundi kinachokufa.

Kushirikiana si jambo lililoletwa na mtu wa ofisini. Tangu zamani mkulima wa nchi hii aliyekuwa na shamba kubwa la mtama aliwaalika majirani, nao wakaja na majembe yao, wakala na kunywa kwake, na kesho yake zamu ikawa ya mwingine. Hapakuwa na muhuri wala mgeni rasmi. Kilichowaunganisha kilikuwa deni la heshima: umenilimia, nami nitakulimia.

Historia ya ukombozi wa nchi hii nayo inatoa ushahidi. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwatafutia TANU wanachama wanawake katika Dar es Salaam, hakuanza kwa kuunda vikundi vipya. Aliviendea vikundi vya ngoma vya kina mama vilivyokuwapo tayari, vyenye viongozi wao na kanuni zao. Aliwaendea akiwa mmoja wao, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma. Nguvu ile iliyowashangaza wakoloni ilitoka katika vikundi vyenye wenyewe. Vilevile Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, alikuwa mshairi kabla hajawa meya. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Mbele ya washairi wenzake umeya haukuweza kumtengenezea ubeti wenye kina kibovu. Ndivyo inavyopasa kuwa. Kiongozi akiingia katika kikundi, kanuni za kikundi ni kubwa kuliko cheo chake.

Lakini historia hiyo hiyo ina somo chungu, wala si vizuri kulificha. Huko Songea, kuanzia Litowa mwaka 1960, wakulima walijenga Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, wakaanzisha shule iliyowafundisha watoto maisha ya kijiji chao, wakamiliki kinu cha kusaga nafaka, na vijiji zaidi ya kumi vikaungana. Kilikuwa chama cha wanavijiji wenyewe, na wengi walikitazama kama mfano wa kujitegemea. Mwezi Septemba 1969 kilivunjwa kwa uamuzi uliotoka juu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Nia iliyotajwa ilikuwa kuharakisha maendeleo. Haikupita miaka mingi ikaonekana kwamba chombo cha wananchi kikishaondolewa mikononi mwao, kazi hulala. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha ushirika na serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Taifa zima lilijifunza kwa gharama kubwa kwamba kikundi hakiishi kwa amri.

Siku hizi hatari hiyo haiji kwa amri. Inakuja kwa zawadi.

Inafaa kuchukua mfano. Timu ya vijana haina jezi. Anakuja kiongozi, anatoa jezi seti nzima na mipira miwili, na mgongoni pameandikwa jina lake. Vijana wanashangilia, na ni haki yao. Mwaka unaofuata mipira imepasuka. Kapteni hauliizi kikao cha timu kila mchezaji atachanga shilingi ngapi. Anauliza kiongozi yuko wapi. Uchaguzi ukija, mpinzani wake naye analeta jezi, na timu moja inakuwa timu mbili zisizopeana mkono. Kijiji kimepata jezi mbili na kimepoteza timu. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Katika jambo la fedha hasara ni kubwa zaidi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hutoka katika ushuru wa mazao, ada na leseni. Ndiyo kusema, hutoka kwa mwananchi yule yule anayevuna alizeti na vitunguu. Si sadaka ya diwani, wala si ukarimu wa mwenyekiti.

Pamoja na hayo, mwezi Aprili 2023 Serikali ililazimika kusimamisha mikopo hiyo. Taarifa za Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonyesha mabilioni ya shilingi yaliyokopwa bila kurejeshwa, na mikopo mingine iliyotolewa kwa vikundi ambavyo havikuwapo kabisa. Ilianza kutolewa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda huo wa kungoja, aliyeumia si mwenye kikundi hewa. Aliyeumia ni mama mwaminifu aliyekuwa amekwisha kuandaa kila kitu akisubiri zamu ya kikundi chake.

Kwa nini watu wazima, wanaolipana madeni ya debe la mahindi bila hati, washindwe kulipa mkopo wa halmashauri? Sababu ziko nyingi: ukame, bei mbaya, mipango dhaifu. Lakini moja ni ya kiongozi. Mkopo unaokabidhiwa jukwaani, kwa vigelegele, na kwa hotuba inayosema “nimewaletea fedha”, umekwisha kugeuzwa jina. Mwananchi hasikii tena neno mkopo, anasikia zawadi. Na nani hurudisha zawadi? Kiongozi aliyesema maneno yale ndiye aliyesamehe deni lisilokuwa lake, na aliyenyimwa ni kikundi kilichokuwa nyuma katika foleni.

Linganisheni na sanduku la kina mama wa kuweka na kukopa. Utaratibu huo ulianzia Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika, na leo ni nadra kijiji cha Tanzania kuukosa. Wanachama hukaa duara. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Sanduku lina makufuli matatu, funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hapo hapana aliyesoma uhasibu chuoni, lakini kuna elimu kubwa ya uongozi: hakuna mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, anayepewa uwezo wa kufungua peke yake. Ni nadra kuwaona wanachama wake wakikwepa deni, kwa sababu wanayemdai ni jirani, na wanayemdhulumu ni jirani.

Basi, kiongozi asitafute ufunguo wa nne.

Hapa ndipo penye kazi ya mlezi, na kazi hiyo si ndogo. Kikundi cha kina mama wa alizeti kinauza mbegu wakati wa mavuno, wakati bei iko chini, kisha kinanunua mafuta dukani kwa bei ya juu, na mashudu ambayo yangelisha kuku na ng’ombe yanabaki kwa mwenye kinu. Wanataka kinu chao. Mwenye kikundi atawaahidi kinu mkutanoni. Mlezi atafanya kazi ngumu zaidi. Atamtaka afisa maendeleo ya jamii aje awasaidie kuandika katiba na kupata usajili, kwa maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka hata vikundi vidogo vya kuweka na kukopa visajiliwe. Atauliza katika kikao cha madiwani fedha za asilimia kumi zimetengwa kiasi gani na zimetolewa kiasi gani. Atapigania barabara ya kupitisha mazao na umeme wa kuendeshea kinu. Kisha kikundi kitakopa kwa jina lake, kitalipa kwa jasho lake, na kinu kitakuwa chake hata diwani akibadilika mara tatu.

Mlezi ana miiko yake pia. Hawi mweka saini wa akaunti ya kikundi. Hachagui mwenyekiti wa kikundi. Mchango wake, akitaka kutoa, anautoa mbele ya wanachama na unaandikwa katika daftari kama mchango wa mwanakijiji mwingine yeyote. Havibagui vikundi kwa chama, kwa dini wala kwa ukoo. Na mwiko mkubwa kuliko yote: hakinyimi haki yake kikundi kilichomkosoa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwakataza viongozi majivuno na dharau. Haukusema kwamba majivuno yanaruhusiwa kwa mtu aliyetoa jezi.

Nao wanachama wana wajibu wao. Kikundi kinachoundwa wiki moja kabla ya kutangazwa mikopo, na kuvunjika wiki moja baada ya kuipata, ni mtego na si kikundi. Kikundi kinachomwita kiongozi kila kikipungukiwa na shilingi elfu tano kinajifunga kamba chenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari liandikwe, lisomwe kwa sauti, na yule asiyejua kusoma asomewe mpaka aridhike. Kiongozi akialikwa, aalikwe ili aone daftari, si ili aone ngoma tu.

Ndugu viongozi na ndugu wanachama, mwaka 2024 vijiji vilichagua viongozi wao, na mwaka 2025 kata zikachagua madiwani. Uchaguzi mwingine utakuja, na baadhi ya waliopo leo hawatakuwapo. Hicho ndicho kitakuwa kipimo. Siku kiongozi atakaporudisha muhuri na kurejea shambani kwake, na aende akatazame vikundi alivyovilea. Akikuta sanduku linafunguliwa kila wiki kwa funguo tatu, kinu kinaunguruma, na vijana wanacheza kwa mpira walionunua wenyewe, atajua kwamba alilea. Akikuta kimya na mabango yenye jina lake, atajua alichomiliki.

Wahenga husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiongozi na aje, kwa maana anahitajiwa. Lakini aje kama mgeni mwenye heri, akijua kwamba nyumba ina wenyewe.