Dawa ya Kuacha Sigara Hununuliwa kwa Hesabu ya Miezi



Mara nyingi tunamsikia mtu mzima akilalamika kwamba alijaribu dawa ya kuacha sigara, nayo haikumfaa. Tukimuuliza aliitumia kwa muda gani, hutujibu: wiki moja, au mbili. Huyo hakununua tiba. Alinunua kipande chake, kisha akailaumu nzima.

Ubongo uliolishwa nikotini kwa miaka mingi hautulii kwa siku saba. Vareniklini, kwa mfano, huanza kumezwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na muda wake wa kawaida ni wiki 12. Aliyefaulu anaweza kuongezewa na daktari wiki 12 nyingine, ili asirudi alikotoka. Mwaka 2020, chama cha wataalamu wa magonjwa ya kifua cha Marekani kilishauri kwamba watu wazima watibiwe kwa zaidi ya wiki 12, badala ya kuishia hapo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, lilizitaja vareniklini, bupropioni, sitisini na bidhaa za nikotini kama vile vibandiko, likihimiza ziambatane na ushauri nasaha.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, tuulize bei ya dozi yote na tuhakikishe duka litaendelea kuwa nayo. Bei hiyo yaweza kushtua. Lakini mvutaji wa pakiti moja kwa siku huteketeza pakiti 84 katika wiki hizo 12. Tuziweke hesabu hizo mbili pamoja ndipo tuamue.

Tununue katika famasi iliyosajiliwa, dawa ikiwa katika kasha lake lisilofunguliwa, na tudai risiti. Tumweleze mfamasia maradhi yetu bila kuficha: mwenye kifafa hapaswi kupewa bupropioni, na mwenye ugonjwa mkubwa wa figo huhitaji kipimo kidogo zaidi cha vareniklini. Mjamzito aanzie kwa daktari.

Vareniklini huwaletea wengi kichefuchefu, na wengine ndoto za ajabu. Imezwe baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji. Kichefuchefu kikizidi, au moyo ukiingiwa na huzuni isiyo ya kawaida, turudi kwa daktari bila kuchelewa. Tusijipunguzie dozi wenyewe.

Na ile kiu kali ya sigara, ambayo vijana huiita arosto, yaweza kumshinda mtu katikati ya tiba, akavuta moja msibani au harusini. Asiitupe dawa kwa aibu. Kesho yake aendelee nayo kama alivyoelekezwa, na amwambie mhudumu wake yaliyotokea, kwa kuwa huenda ndiyo sababu ya kumwongezea muda.