Kisu na Kifuko cha Nyongo

Leo nataka tupime pamoja jambo zito: je, mtu aliyepona homa ya matumbo, lakini vijidudu vyake vimefanya maskani mwilini, yampasa kukatwa kifuko cha nyongo?

Tutwae mfano wa mama wa Msimbati, si mbali na pale mto Ruvuma umwagikapo baharini, auzaye maandazi. Zamani aliugua akapona. Yeye ni mzima, ila wanaokula kwake huugua. Huu si uchawi. Katika wagonjwa 100 wa homa hiyo, 1 hadi 5 hubaki na vijidudu zaidi ya mwaka mzima. Hujificha katika kifuko cha nyongo, hasa penye vijiwe, hutoka pamoja na choo, na mkono usionawa huvipeleka chakulani.

Huko New York, mwaka 1907, mpishi Mary Mallon alikamatwa kwa sababu hiyo. Alishauriwa akatwe kifuko, akakataa. Alifunguliwa mwaka 1910, akarudia upishi, akakamatwa tena mwaka 1915, akawekwa kisiwani hata alipofariki mwaka 1938. Tusiwe wepesi kumlaumu: siku zile dawa ya kuua vijidudu hivyo haikuwapo, na kupasuliwa kulikuwa hatari kubwa.

Leo mizani ni nyingine. Kwanza choo kipimwe katika maabara, tena si mara moja. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Kisha nyongo itazamwe kama ina vijiwe. Ikiwa haina, dawa kama siprofloksasini, ikiwa vijidudu havijawa sugu, hunywewa kwa muda wa wiki 4 kwa amri ya daktari, na wengi hupona. Ikiwa vipo, mara nyingi dawa hushindwa. Hapo kisu chastahili kufikiriwa. Mtu huweza kuishi vema bila kifuko, maana nyongo hutengenezwa na ini. Lakini kisu nacho hakitoi ahadi: kina hatari zake, na vijidudu huweza kusalia katika mirija ya ini.

Basi mama yetu asikikimbilie kisu, wala asikikimbie. Amwulize daktari: Vijiwe vipo? Dawa imejaribiwa ikaisha? Tutajuaje kwamba nimepona? Wakati huo aache kupikia watu, anawe kwa sabuni, atumie choo kizuri. Nasi majirani tusimtenge, bali tumsaidie apate riziki nyingine. Kwani aogopaye njaa huficha ugonjwa wake.