USALAMA WA PUMZI NA MZUNGUKO WA DAMU KATIKA UPASUAJI WA MATUNDU

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ya mtaalamu wa dawa za usingizi kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Jadida, Wete. Yanachapishwa kwa faida ya wote.

Waheshimiwa Masheha, Ndugu Watumishi wa Serikali, Ndugu Wananchi,



Madaktari kutoka Jamhuri ya Watu wa China wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu mwaka 1964, na mwaka 2016 Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilifunguliwa baada ya kujengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo. Kila huduma za upasuaji zinapopanuka, wananchi huuliza habari za upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo. Wengi husikia kwamba kidonda ni kidogo, maumivu ni machache na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hayo ni kweli. Lakini udogo wa kidonda usitufanye tudhani kwamba na kazi ya usingizi ni ndogo.

Ndugu Wananchi,

Upasuaji huu hutumika kwa maradhi mengi, kama vile ya mfuko wa nyongo, kidole tumbo na uvimbe wa mayai ya uzazi. Mwaka 1985 daktari Erich Mühe wa Ujerumani alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii, na mwaka 1987 Philippe Mouret alifanya hivyo mjini Lyon, Ufaransa. Tangu hapo njia hii imeenea duniani.

Ili daktari aone ndani kwa kamera, tumbo hujazwa hewa mfano wa hema linavyoinuliwa kwa nguzo. Hewa itumikayo ni hewa ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, haishiki moto, na daktari hutumia chombo cha umeme kuzuia damu. Pili, huyeyuka upesi katika damu, hivyo ikiingia kidogo katika mshipa hatari yake ni ndogo kuliko hewa ya kawaida. Kwa kawaida msukumo wake huwekwa kati ya milimita 12 na 15 za zebaki, na ukitosha wa chini yake ni bora zaidi.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa usingizi inapokuwa nzito, kwa upande wa pumzi na kwa upande wa damu.

Kwa upande wa pumzi, tumbo lililojazwa husukuma kiwambo juu na kubana sehemu ya chini ya mapafu. Mgonjwa akilazwa kichwa chini, kama ifanywavyo katika upasuaji wa nyonga, mbano huzidi, na hata mrija wa kupumulia unaweza kusogea ukaingia katika pafu moja tu. Wakati huo huo hewa ukaa hufyonzwa na damu, na isipotolewa damu huwa na asidi na moyo husumbuka. Kwa hiyo mgonjwa hutiwa mrija kooni, mashine humpumulia, na mtaalamu huongeza kiasi cha pumzi kwa kila dakika huku akitazama kipimo cha hewa ukaa katika pumzi inayotoka.

Kwa upande wa damu, msukumo ukizidi hubana mishipa irudishayo damu moyoni, na moyo hupata damu chache ya kusukuma. Mishipa mingine hukaza na shinikizo la damu hupanda. Aidha, tumbo linapotanuliwa ghafla, mapigo ya moyo huweza kushuka mno. Dawa ya kwanza ni kusimamisha hewa na kuifungua itoke, kisha mgonjwa hupewa atropini ikihitajika. Ndiyo maana hewa huingizwa taratibu, na mtaalamu wa usingizi ana haki ya kusema "simamisha" na daktari mpasuaji akatii.

Mara chache hewa huingia katika mshipa mkubwa na kuziba njia ya damu. Alama moja ni kipimo cha hewa ukaa kushuka ghafla pamoja na shinikizo la damu. Asiyekuwa na kipimo hicho atachelewa kujua, na kuchelewa huko huondoa uhai.

Ndugu Watumishi wa Serikali,

Hapa nawageukia ninyi mnaotayarisha bajeti, ununuzi na bohari. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2018 vya usingizi salama vinahimiza kipimo cha oksijeni kwa kila mgonjwa muda wote, na kipimo cha hewa ukaa kuhakikisha mrija umeingia mahala pake. Kununua kamera ya upasuaji bila ya kipimo hicho ni sawa na kununua jahazi lisilo na usukani. Hali kadhalika, Pemba imeunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, lakini waya huo hauondoi haja ya jenereta lenye mafuta na mitungi ya oksijeni iliyojaa. Umeme ukikatika tumbo likiwa limejaa hewa, mgonjwa hupumuliwa kwa mfuko wa mkono, na mfuko huo lazima uwe tayari kando yake.

Ndugu Wananchi,

Nanyi mna wajibu wenu:

1. Msile chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi. Maji matupu yakome saa 2 kabla, au kama mtakavyoelekezwa. Anayeficha kwamba amekula huweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni.

2. Semeni kweli juu ya maradhi ya moyo, pumu, shinikizo la damu, ujauzito, sigara, na dawa zote, za hospitali na za miti shamba.

3. Baada ya upasuaji, maumivu ya bega kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida, kwa sababu ya hewa iliyobaki chini ya kiwambo. Lakini pumzi ikibana, homa ikipanda au tumbo likivimba, rudini hospitali mara moja.

4. Mkiambiwa kwamba mgonjwa wenu anafaa zaidi kupasuliwa kwa njia ya kawaida, msione mmenyimwa haki. Moyo au mapafu yake huenda yasihimili hewa hiyo.

Kidonda kidogo kinahitaji uangalizi mkubwa. Ni matumaini yangu kwamba kwa mashirikiano yetu kila atakayelazwa usingizi ataamka salama.