Aila za Antioquia na Asili ya Maradhi ya Usahaulifu



Atakaye kujua namna wataalamu walivyoisaka asili ya maradhi ya usahaulifu, na hasa hayo yaitwayo Alzheimer, hana budi kusimama kitambo katika milima ya Antioquia, nchini Colombia, ambako tangu vizazi na vizazi zipo aila ambazo watu wake, wake kwa waume, wakikaribia miaka 45 huanza kupotewa na kumbukumbu, kisha na maneno, kisha na nyuso za watoto wao wenyewe. Wenyeji waliyaita la bobera, yaani upumbavu. Wengine waliyadhani laana, na wengine walisema yatokana na kuugusa mti fulani.

Katika miaka ya 1980 tabibu Francisco Lopera, mzaliwa wa jimbo hilohilo, aliletewa mgonjwa wa miaka 47 aliyekwisha kupotewa na fahamu zake, akauliza habari za ukoo, akaambiwa kwamba baba na babu walikwenda njia hiyohiyo. Tabibu mwingine angaliandika dawa akaishia hapo. Yeye aliwafuata kwao. Pamoja na muuguzi Lucía Madrigal, zama ambazo nchi ile ilikuwa imejaa waasi na wafanya biashara ya kokeini, alikwenda nyumba kwa nyumba, na vitabu vya parokia vikafunuliwa, ubatizo kwa ubatizo na maziko kwa maziko, hata nasaba ikadhihiri: jamaa wapatao 6,000. Mwaka 1995 ikathibitika kwamba hitilafu ilikuwa katika jeni ya presenilini, herufi moja tu iliyobadilika, nayo kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nusu ya uwezekano wa kuirithi.

Hitilafu hiyo huifanya seli ikate protini vibaya, ukatoka ule unyuzi unaonata uitwao amiloidi, ukagandamana baina ya seli za ubongo mithili ya ukoko chunguni. Baada ya miaka mingi protini nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli zenyewe, nazo zikafa. Basi wengi waliitakidi kwamba ukiiondoa amiloidi umeyaondoa maradhi. Jamaa 252 walikubali kujaribiwa dawa ya kuiondoa, kabla hata dalili hazijawajia, tangu mwaka 2013. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba haikuonyesha nafuu iliyo dhahiri. Ninawastahi watu hao kupita kiasi, kwani walitoa miaka ya afya yao kwa ajili ya jibu ambalo halikuwafaa wao.

Lakini katika ukoo huohuo palikuwa na bibi mmoja aliyeirithi hitilafu kamili, na ubongo wake ulipopigwa picha ulionekana umejaa amiloidi kupita wenziwe, ila tau ilikuwa kidogo mno. Naye alibaki na akili zake hata akaingia miaka ya sabini. Ikaonekana, katika taarifa ya mwaka 2019, kwamba alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la jeni nyingine, APOE, liitwalo Christchurch kwa jina la mji wa New Zealand. Alipofariki mwaka 2020 jamaa zake waliutoa ubongo wake uchunguzwe. Kwangu mimi bibi huyu alifundisha lile ambalo maabara nyingi hazikulifundisha: baina ya amiloidi na tau pana njia, nayo yaweza kuzibwa.

Lopera alifariki mwezi wa Septemba 2024. Mwaka huohuo yeye na wenziwe walikuwa wameandika kwamba katika aila zile hata mwenye nakala moja tu ya Christchurch huchelewa kuugua kwa kadiri ya miaka mitano. Kingamwili iliyotengenezwa kuiga kazi ya badiliko hilo imekwisha kupunguza tau katika panya. Kwa binadamu bado. Na huko Antioquia wako vijana waliorithi hitilafu, ambao muda wao ni mfupi kuliko muda wa maabara, nao ndio wanaopaswa kutajwa kwanza kila inapojadiliwa nani aipate dawa, na kwa bei gani.